Blanketi la Kwenda Gesima

Niinueni kidogo, kisha mkae karibu, kwa kuwa sauti niliyobakiwa nayo haifiki upande wa pili wa chumba hiki. Apondi binti yangu, acha kupanga hivyo vikombe. Drusilla mke wa mwanangu, ingia ndani, usisimame mlangoni kama mtu aliyekuja kuazima chumvi. Na wewe Mitchell, mjukuu wangu wa kike, weka hiyo simu chini. Maneno ya dani yako, bibi yako mzaa baba, hayataki kuingia kwenye simu, yanataka masikio. Nitasema Kiswahili, lugha ambayo si ya mama wa mtu yeyote humu ndani, kwa sababu nikisema Kijaluo Drusilla atapata nusu, na nikijaribu Kigusii changu cha sokoni mtacheka, na leo sitaki nusu wala kicheko.

Wanangu, nimechoka. Sisemi hivyo ili mnihurumie, wala sina ugomvi na kifo. Nimechoka kama kitambaa kilichofuliwa miaka mingi, ambacho ukikitazama hakina tundu, lakini ukikivuta kinaachia. Mnanong'ona huko jikoni mkidhani mgonjwa wa kifua amekuwa kiziwi pia. Nimesikia alichosema daktari. Kwa hiyo msinikatize, maana nikikatika sijui kama nitaungana tena.

Tuanze na mambo mepesi. Nyumba hii, aliyoijenga Odero mwanangu kabla Mungu hajamchukua, ni ya Mitchell, damu yake. Shamba la Kendu Bay, alikolala baba yenu Oyugi na ambako mtanilaza mimi kando yake, Apondi aendelee kulilima, lakini Mitchell asikute geti limefungwa siku atakayokwenda kuliona kaburi la babake. Zile nguo zilizotundikwa kwenye misumari ni za watu, na msizichanganye na zangu: suruali ya mzee Haron inangoja zipu tu, na lile gauni la kijani ni la yule mama anayeuza ndizi Daraja Mbili, ambaye amenenepa tangu nimpime, kwa hiyo mwongezeeni nafasi kiunoni. Zirudisheni zote. Fundi hazikwi akiwa na nguo ya mtu.

Cherehani ni ya Apondi, pamoja na mkasi mkubwa, kopo la vifungo, na hii subana ya chuma iliyokinga kidole changu dhidi ya sindano hadi kidole chenyewe kikachukua umbo lake. Ivute, Apondi. Ivute tu, haiumi. Mimi sitaivaa tena.

Sasa blanketi. Nimeyaona macho yenu tangu nianze kusema; hayakwenda kwenye nyumba wala shamba, yalikwenda pale kwenye kapu. Kila anayeingia humu hulishika lile blanketi la viraka, akalipapasa, akalisifu, kisha akauliza litakuwa la nani, nami nimekuwa nikijibu kwamba ni la atakayesikia baridi. Kazi hiyo nilifundishwa na Jyoti, mke wa Natwarlal aliyekuwa na duka la vitambaa hapa mjini, wakati Oyugi alipokuwa akiwapimia wateja wao nguo kwa yadi. Mwanamke yule hakutupa sari iliyochakaa. Aliipanga sari juu ya sari, akatia mshono wa mkono kutoka ukingo hadi ukingo, polepole kama mtu anayepalilia, akaliita godadi. Aliniambia, "Akumu, hii kazi ukiwa na hasira, acha. Uzi utavuta, nguo itakunjana." Nami niliacha mara nyingi, maana nyumba hii haikuwahi kukosa hasira. Ndiyo sababu mnaliona halijaisha.

Apondi, najua umelipekua ukitafuta shati la ndugu yako. Halimo. Wala usimwangalie Drusilla hivyo, hakulifumua. Mitchell ulikuwa mdogo, mgongoni mwa mama yako, kwa hiyo nitalisema lote ulisikie kwangu kabla hujalisikia kwa majirani. Figo zilipomwangusha Odero tulimpeleka Kendu Bay, na baada ya mazishi wazee wakamketisha mama yako mbele yao, wakamwambia achague mwanamume wa ukoo atakayemrithi, ili moto wa nyumba ya marehemu usizimike. Drusilla akasimama. Alikuwa msichana mwembamba, mgeni, hajui hata kuwaamkia vizuri kwa lugha yao, lakini akasimama, akasema, "Wazee wangu, mimi nilikuja kwa Odero. Sikuja kwa ukoo." Watu waliguna. Nguo za marehemu zilipokuwa zikigawanywa, yeye akachukua shati moja, lile la mistari ya samawati la kuendea kanisani, nawe Apondi ukalikamata upande wa pili ukipiga kelele, "Aliyekataa mila yetu hana nguo hapa!" Mkavutana mbele ya waombolezaji hadi likapasuka, mkono ukabaki kwako, mwili ukabaki kwake, na kila mmoja akakitupa alichoshika kana kwamba kimemchoma. Mimi ndiye niliyeinama nikaviokota. Tangu siku ile mmepika katika jiko moja, na mkitaka kupeana chumvi mnaipitisha kwa mkono wa mtoto.

Lile shati nililiunga. Limo sandukuni mwangu, limefuliwa, limepigwa pasi, na nitakwenda nalo. Mtaliweka chini ya kichwa changu, wala asitokee wa kuuliza nani alistahili. Nilimvalisha mwanangu nguo yake ya kwanza, acheni nimtunzie na hii. Na kwenye blanketi sikulitia kwa sababu mwanamume aliye hai hafunikwi kwa shati la marehemu.

Ndiyo. Mmesikia vizuri. Mwanamume aliye hai.

Mmeliona blanketi lilivyo pana, mkasema bibi amezeeka, amesahau vipimo. Fundi hasahau vipimo. Mjane mmoja mwenye mifupa mitupu anahitaji blanketi la upana ule la nini? Lile ni la kitanda cha watu wawili, na kitanda chenyewe kiko Gesima, kule juu kwenye majani chai, ambako ukungu huingia hadi ndani ya sufuria na mtu hulala na sweta. Drusilla, usilie sasa, utanimalizia nguvu. Aliniambia mwenyewe, Apondi, hakujificha. Tulikuwa tunamenya ndizi hapo nje, akaweka kisu chini, akasema, "Mama, kuna mtu."

Nikamuuliza, "Ana jina?"

"Machogu. Wa Gesima. Mkewe alifariki."

"Anakunywa?"

"Chai, Mama."

Nikacheka hadi kifua kikanibana. Kisha nikamuuliza kwa nini ananiambia mimi, mama wa mume wake, badala ya kwenda kwa mama yake mzazi kule Marani. Akasema, "Kwa sababu nikiondoka bila neno lako, nitakuwa nimetoroka. Nami sikuingia hapa kwa kutoroka." Niliingia ndani nikalitandaza blanketi sakafuni, nililokuwa nimelianza kwa ajili yangu mwenyewe, nikaongeza upande.

Keti, Apondi. Nimesema keti. Mlango huo hautakimbia.

Mwanangu, unadhani sijui kinachokuuma? Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na wewe peke yako humu ndani ndiwe uliyekilalia. Ulipofiwa na mume wako, wazee wa ukoo wake wakakuketisha kama wetu walivyomketisha huyu baadaye, wakakuuliza lile lile, na baba yako akasema ukubali, na neno la baba yako lilikuwa la mwisho katika boma letu. Ukakubali. Ukapewa shemeji ambaye hukumtaka wala hakukutaka, akauza ng'ombe wako, akala mavuno yako, akaondoka na mabati ya paa, mvua ikakukuta ndani. Ukarudi hapa kwangu na mfuko mmoja wa nguo. Hukulalamika hata siku moja. Kisha ukamwona mwanamke mwingine akisimama mbele ya wazee kama wale, akasema hapana, na mbingu isianguke. Anakwenda kanisani, anacheka na watoto wa jirani, na sasa anachumbiwa. Ningekuwa wewe, shati ningelipasua pia.

Lakini yeye hakukuibia kitu, Apondi. Utii wako haukukulipa, huo ni ukweli mchungu, na aliyekudhulumu si huyu. Watu walioachiwa mizigo ya namna moja, mmoja akiutua wake, wa pili hana sababu ya kumtwika tena ili walingane. Nimelisema hili mara moja, sitarudia, sina pumzi ya kurudia.

Maji. Kidogo tu, Mitchell. Basi, yanatosha.

Sasa shikeni maagizo yangu. Drusilla aolewe, na atoke kwa mlango wa mbele, mchana, watu wakiona, akitoka kwetu kama binti anayetolewa, si kama mke wa marehemu anayefukuzwa. Mkinizika, msimnyoe wala msimzuie kukaa karibu na jeneza. Ni yeye aliyeniogesha miezi hii yote. Wazee wa Kendu Bay wakiuliza, waambieni Akumu alikwishasema, na wakitaka kubishana naye waje kaburini.

Blanketi limebakia upande mmoja na pindo lote. Apondi, utalimalizia wewe. Usinitazame hivyo. Mkono wako na wangu ni mkono mmoja, hata Jyoti alisema hivyo ulipokuwa mtoto ukikaa chini ya meza yake ukiokota vipande. Drusilla nampenda, lakini akishona kifungo leo kitadondoka kabla ya Sabato. Mitchell atakutungia uzi kwenye sindano, maana macho yako yameanza kukataa, na akitunga atajifunza, asije akawa mwanamke wa chuo asiyejua kupachika kiraka. Mimi sikuamrishi umpende Drusilla. Nimeomba hilo hadi magoti yamekufa ganzi, nimeacha. Nakuamrisha umalize kazi. Ukikaa na hasira, weka chini. Ukitulia, shika tena. Hata likichukua mwaka, atangoja, na kama baridi ya Gesima itawawahi, watajifunika magunia.

Na vipande vitakavyobaki kapuni, vile vya kitenge chekundu na vya ile leso yangu ya harusi, sikuviweka kwa bahati mbaya. Ni vyako, Apondi. Anza lako. Upana wake utaujua mwenyewe, wala usimwulize mzee yeyote.

Eh. Kifua hiki.

Kuna jambo moja. Tangu asubuhi nasikia mtu anakohoa huko nje, nje ya geti, kikohozi cha adabu, cha mtu anayetaka ajulikane yupo lakini hataki kusumbua. Nikadhani ni jirani. Kisha nikamwona Drusilla akichungulia dirishani na kurudi, akichungulia na kurudi, nikajua. Ni Machogu, sivyo? Amekuja kumwona mgonjwa, na wewe Apondi umemwambia mgonjwa amelala. Mgonjwa hajalala. Mwanamume ametoka Gesima, amekaa juu ya jiwe nusu siku na mfuko wake wa majani chai, na hajaondoka. Hilo peke yake limenitosha kumjua.

Sogeeni kwanza niwashike. Drusilla, leta kichwa chako. Mungu niliyemwimbia kila Sabato, mpe mwanangu huyu nyumba yenye moto, mpe mtu wa kuzungumza naye jioni, asiitwe mgeni kwa mara ya pili. Mitchell, wewe uwe na makwenu mengi, Kendu Bay, Marani, hapa, na Gesima pia ukitaka, na kote ukifika ukute umewekewa sahani. Apondi... Apondi wangu, kifungua mimba. Wewe Mungu akupe kile ambacho sikuweza kukupa. Yeye anakijua. Mimi nilijaribu. Mkono wako una baridi.

Sasa nenda. Kamfungulie. Usimweleze kitu, usimwombe radhi, mwambie tu aingie, kuna chai. Nenda, mama. Polepole.

Mitchell, nishikilie hapa mgongoni. Umesikia komeo? Nimelisikia. Vizuri.

Karibu, baba. Keti hapo, usijali hiyo nguo. Nisamehe, siwezi kusimama. Siwezi hata... Apondi, njoo upande huu. Mjulishe mgeni. Huyu aliyesimama hapa, Drusilla. Najua wanajuana. Lakini kwetu mtu hatolewi mpaka wa nyumbani kwao amtaje mbele ya mgeni, aseme ni nani wake. Baba yako hayupo. Odero hayupo. Mimi pumzi yangu... imefika hapa. Umebaki wewe.

Mshike mkono, umwambie mgeni. Huyu ni nani wako, Apondi?

Sema. Nasikiliza.