Majibu Aliyoyapeleka Mwenyewe: Maisha ya Dkt. Sally Amuria

Wapendwa waombolezaji, wachungaji, wazee wetu, walimu na wafanyakazi wa Chuo Kikuu cha Kawalase, majirani wa soko la Lodwar, nawasalimu, ejok. Haya yanasomwa na Lokaale, baba mdogo wa marehemu, kwa niaba ya familia, kama yalivyoandikwa na mama mzazi, ambaye ameomba yasomwe yote bila kurukwa.

Sally Amuria alizaliwa tarehe 14 Machi 1986 hapa Lodwar, mtoto wa kwanza wa Sellah, Mbukusu aliyekuja kutoka Kitale kuuza mboga akabaki, na wa marehemu Amuria Lochakapong, dereva wa malori yaliyokwenda Lokichoggio. Kwa kuwa baba alikuwa barabarani na mama sokoni, alilelewa na bibi yake karibu na Kakuma hadi alipofika umri wa shule, akikua kama watoto wote wa kule, pamoja na mbuzi na mbwa wa nyumba, ambaye kwa Waturkana ni mlinzi na pia yaya, humfuata mtoto kila aendako na kumlamba akijichafua. Madaktari wamesema huenda ni huko ugonjwa uliomwua ulikomwingia, ukakaa naye zaidi ya miaka thelathini bila kumwuma. Bibi alifariki zamani, mbwa pia, na familia haina wa kumlaumu.

Alianza shule ya msingi hapa Lodwar mwaka wa 1992, akajiunga na sekondari ya bweni mwaka wa 2000, akamaliza kidato cha nne mwaka wa 2003. Mama yake, ambaye elimu yake mwenyewe iliishia hapo, alimshauri achukue ualimu kwa sababu mwalimu hakosi kazi, yeye akachagua tiba ya mifugo, akaisomea Nairobi kuanzia mwaka wa 2005 hadi 2010, na alipoulizwa kwa nini, alijibu kwamba mbuzi hawana wa kuwasemea. Alihudumu kama daktari wa mifugo Turkana Magharibi, kisha tarehe 5 Septemba 2016 akaajiriwa Chuo Kikuu cha Kawalase kuwa mhadhiri, na mwaka wa 2021 akapata shahada ya uzamifu kwa utafiti wake juu ya ule ugonjwa wa mbwa unaojaza vifuko vya maji kwenye ini na mapafu ya watu.

Tarehe 7 Desemba 2013 alifunga ndoa kanisani na Levis Ereng, mwalimu wa hisabati, baada ya mifugo ya mahari kupokewa nyumbani kwa akina Lochakapong kwa desturi, na Mungu akawajalia watoto wawili, Mike aliyezaliwa mwaka wa 2015 na Akai aliyezaliwa mwaka wa 2018. Hakuwa mpishi, wanaomfahamu wanajua, na Levis alizoea kuwaambia wageni kwamba wale kwanza kwao ndipo waje.

Mnamo Januari 2024 Sally aliteuliwa kuwa mmoja wa wahadhiri wawili wa kwanza kupewa ufadhili wa chuo wa kuimarisha utafiti, na kwa kuwa wengi hapa wamelisikia neno hilo bila kuelezwa, inafaa lielezwe. Chuo kilimpunguzia vipindi vya kufundisha kwa miaka miwili, kikampa chumba kimoja, na kazi yake ikawa kuwasaidia wenzake wafanye utafiti, kuwaandikia maombi ya vibali, kuwakutanisha watu wa idara ya mifugo na wa idara ya afya ambao walikuwa wakipita koridoni bila kusalimiana, na kuwaunganisha wote na wataalamu walioko kambini Kakuma, ambao wana elimu na hawana mlango wa kupitia. Ni hivyo alivyompata Marie-Claire, Mkongomani aliyekuwa akipiga picha za tumbo kwa mashine katika hospitali ya Bukavu kabla ya vita kumfukuza, na ambaye kwa miaka mingi kambini kazi yake ilikuwa kusuka nywele.

Mwezi wa Aprili 2024 kundi lao lilikwenda kwa wenyeji wa Kakuma kuomba ruhusa ya kuwapima ugonjwa ule wa vifuko. Mzee Nangiro, kiongozi wao, aliwaambia wazi kwamba watafiti wengi wameshakuja pale, wakachukua damu, wakachukua picha, wakaondoka, na hakuna hata mmoja aliyerudi kusema alichokiona. Kisha akachinja mbuzi. Wageni wa kutoka bara waliona ni ukarimu tu wakala wakashiba, ila Sally, mtoto wa pale, alijua kwamba mtu aliyechinjiwa mbuzi kwa ajili ya swali hurudi na jibu kwa mdomo wake mwenyewe, hatumi mtu, hapigi simu. Alikula, akaahidi mbele ya wazee wote.

Mashine ya kuwapiga picha za tumbo ilichelewa karibu mwaka mzima, ikafika Machi 2025, na tarehe 6 ya mwezi huo Marie-Claire akaanza kuwafundisha wahadhiri kuitumia. Ili kujifunza lazima mtu mmoja alale mezani, na wote walipoanza kutazamana, Sally akapanda. Mwalimu Wekesa, mhadhiri mwenzake, ndiye aliyeshika kifaa, akapaka maji yale ya mashine, akazungusha, na duara jeusi lilipotokea kwenye kioo alicheka akasema, "Jamani, Levis ametuficha habari njema." Watu walicheka, Sally naye akacheka, hadi Marie-Claire alipomtoa Wekesa mkono, akatazama mwenyewe kwa muda, akasema, "Hapana, Mwalimu, hii si mtoto. Dada, njoo uone, hii iko kwa ini yako." Sally aliinua kichwa akaangalia, na kwa kuwa aliufahamu ugonjwa huo kuliko wote chumbani, hakuuliza swali. Alishuka akamwambia Wekesa apande yeye sasa, somo liendelee, na mwezi uliofuata wakaanza kuwapima watu wa Kakuma.

Alipewa vidonge, akavimeza kama alivyoagizwa, na daktari wa Eldoret akampangia kupasuliwa tarehe 12 Agosti, akimweleza asikae sana kwa sababu kifuko kilikuwa kikubwa na ngozi yake nyembamba. Hapo ndipo mambo yalipokwama. Kanuni ya ufadhili ilisema kwamba mhadhiri anayekosekana kazini zaidi ya mwezi mmoja, kwa sababu yoyote ile, nafasi yake inapewa mwingine wa kitivo kingine, na ikienda, inaenda na chumba, na mashine, na barua za kumtoa Marie-Claire kambini. Wekesa alijitolea kushika kazi hadi apone, lakini uongozi ulijibu kwamba nafasi ni ya mtu, si ya kazi. Sally aliahirisha upasuaji hadi Januari, ufadhili utakapokuwa umekwisha.

Mama yake alimfuata nyumbani kwake siku aliposikia, akamkuta akiwafunga watoto viatu, akamwambia, "Sally, maiti haipeleki majibu." Akamjibu, "Mama, nikirudi Kakuma mara moja tu, nimemaliza." Mama akasema simu zipo. Akasema, "Nilikula mbuzi wao." Mama akasema mbuzi huyo angemlipia wengine kumi. Sally alicheka, akasema mama bado ni Mbukusu, na mama akamwambia ndiyo, na Wabukusu wangekuwa wamekwenda Eldoret jana. Levis naye alimsihi kwa njia yake, mchungaji pia, hata Marie-Claire kwa simu, na hakuna aliyemshinda. Familia inalisema hili ili isije ikasemwa kwamba aliachwa bila watu.

Tarehe 11 Septemba 2025, asubuhi, alifika kwa Mzee Nangiro na majibu. Aliketi na kila familia peke yake, akawaeleza nani ana kifuko na nani hana, na walioonekana nacho akawaambia wasiogope kisu, wakapasuliwe mapema, kwa sababu kifuko kikipasukia ndani hakuna daktari anayewahi. Nyanut, dada wa Sudan Kusini aliyekuwa msaidizi wake, anasema kikongwe mmoja alimwuliza, "Na wewe, binti yetu, uko nacho?" naye hakumficha. Walipomaliza alikataa chakula, akapanda bodaboda ya Ekiru, aliyembeba miaka yote, ili awahi gari la Lodwar. Kwenye mchanga wa mto Tarach pikipiki iliteleza, ikaanguka polepole, vile tunavyoanguka sote hapa na kuamka tukijipangusa. Aliangukia ubavu wa kulia, palipokuwa na kifuko. Aliinuka, akamtania Ekiru kwamba amezeeka, akapiga hatua chache, akaanza kujikuna mikono, uso ukavimba, pumzi ikakata. Ekiru alimbeba mgongoni hadi barabarani, akasimamisha gari la kwanza, na hospitali ya Kakuma ilimpokea akiwa hai bado, ikafanya yote iliyoweza, akafariki saa tisa alasiri. Ekiru, ambaye yuko hapa na amekaa nyuma kabisa, familia inakuomba uje mbele ukae na wenzako, pikipiki haikumwua Sally.

Marie-Claire hayupo. Kibali cha kutoka kambini huombwa kwa sahihi ya mwenyeji wake chuoni, na mwenyeji alikuwa Sally. Ameandika kwamba ameambiwa hiyo kazi imefungwa, na kwamba amerudi kusuka nywele. Chumba kimefungwa, mashine imerudishwa stoo, wahadhiri wa mifugo na wa afya wamekuja leo kwa magari mawili tofauti.

Kutoka kwa Mzee Nangiro kumekuja ujumbe wa rambirambi na wa jambo lingine. Watu wa pale wameona kwamba daktari aliyewaambia waende kupasuliwa amekufa siku ileile kwa ugonjwa uleule, na hadi jana jioni hakuna hata mmoja kati ya walioambiwa aliyekubali kwenda hospitali. Wanasema heri wakae nao, kama yeye alivyokaa nao. Mama yake ameandika jibu, nalo lisomwe polepole, na walio na jamaa kule wapige simu leo. Sally hakupasuliwa. Hakukiona kisu hata siku moja. Alikuwa na tarehe akaiahirisha, kwa hiyo asitumiwe na mtu yeyote kuwa sababu ya kukaa. Mama yake hana matumaini kwamba mtasikia, kwa sababu yeye mwenyewe alimwambia mtoto wake maneno hayohayo na hakusikia, lakini yamesemwa, na yamesemwa kwa mdomo.

Marehemu ameacha mama, mume, watoto wawili na ndugu watatu.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Kakuma na wa Lodwar, daktari wa Eldoret aliyempa nafasi mapema ambayo haikutumika, wenye gari lililosimama, Nyanut aliyeufunika mwili kwa shuka lake na hajalidai, Mwalimu Wekesa, ambaye amekuwa akiwapeleka watoto shuleni tangu siku ile, akina mama wa sokoni waliomfungia Sellah duka na kumletea funguo, kanisa, wanafunzi waliochimba kaburi kwenye jua hili, na uongozi wa chuo kwa shada.

Sally, majibu umeshayapeleka. Hakuna anayekusubiri tena popote. Pumzika sasa, kwa amani.