Honorata Chelagat, Aliyekizunguka Kisiwa cha Lastovo

Huyu tunayemzika leo, Jumamosi tarehe 10 Oktoba 1998, hapa Alexandria, Marekani, alizaliwa jioni ya tarehe 14 Aprili 1951 huko Kaptumo, katika milima ya Nandi, akiwa mtoto wa tatu wa mzee Kimeli arap Mutai na mama yetu Fidelis, ambao wote wametangulia. Kwa kuwa alizaliwa ng'ombe wakirudi zizini, aliitwa Chelagat. Honorata ni jina la ubatizo. Mimi Kipkemboi, ninayesoma haya, ndiye niliyemfuata kuzaliwa, na ni yeye aliyenibeba mgongoni.

Kwetu Kaptumo hakuna maji makubwa. Mto tuliouvuka kwenda shule ulikuwa wa kufika magotini, na hata huo Chelagat aliuvuka akiwa ameshika mkia wa ndama wa jirani, macho ameyafumba. Alisoma shule ya msingi hapo hapo kijijini, akaendelea na sekondari Kapsabet, kisha mwaka 1969 akaingia chuo cha uuguzi mjini Nakuru, alikohitimu Desemba 1972. Wagonjwa walimpenda kwa sababu hakuwadanganya. Mtu akimuuliza kama sindano itauma, alimwambia itauma, kisha akamshika mkono.

Tarehe 6 Septemba 1975 alifunga ndoa na Dunstan Kuria, fundi wa reli, huko huko Nakuru. Walikaa miaka sita bila mtoto, hata watu wakaanza kusema yao. Audrey alizaliwa mwaka 1981. Dunstan aliugua figo na akafariki Februari 1987. Miaka miwili baadaye dada alikuja Marekani na mtoto wake, akapanga apatimenti upande wa magharibi wa Alexandria, ghorofa ya nne, na hapo ndipo alipoishi mpaka mwisho. Kazi yake ilikuwa kuhudumia wazee majumbani mwao, kuwaogesha, kuwapa dawa kwa saa zake, kuwasikiliza.

Januari 1995 alipelekwa kumhudumia mzee mmoja mjane, Bwana Frane, ambaye aliwahi kuwa fundi wa injini za meli. Mikono yake ilikuwa inatetemeka kiasi cha kushindwa kufunga vifungo vya shati. Alikuwa na mashua ndogo ya matanga kwenye mto Potomac, na kilichomuuma zaidi ya ugonjwa ni kwamba hakuweza tena kushika kamba. Basi dada yetu, mtu wa mkia wa ndama, akawa mikono yake. Siku ya kwanza alivaa maboya mawili, moja juu ya jingine, na Bwana Frane akacheka mpaka akakohoa. Kufikia kiangazi cha 1996, kila Jumamosi ungewaona pale chini ya ndege zinazoshuka uwanja wa National, mzee ameketi na blanketi magotini akitoa amri, dada ameshika usukani.

Bwana Frane alitoka Lastovo, kisiwa cha Kroatia katika bahari ya Adriatiki. Mwaka 1948, akiwa na miaka ishirini na miwili, alitaka kuikimbia nchi kwa mashua ya makasia pamoja na dada yake Domina, msichana wa miaka kumi na saba. Waliteremka kwa njia ya mbuzi kwenye ukungu, wakafika kwenye ghuba ndogo ambako mashua ilikuwa imefichwa. Maji ya kunywa yalikuwa ghuba ya pili. Frane alimwambia Domina asubiri penye ngazi za mawe, yeye afuate maji kwa mashua na kurudi. Alipotoka tu, ukaja upepo wa kaskazini-mashariki ambao watu wa huko huuita bura, ukamsukuma baharini. Alipiga makasia mpaka viganja vikachubuka. Wavuvi wa Kiitalia walimwokota kesho yake. Domina, watu wa kisiwani walimtafuta siku tatu na hakuonekana tena, wala mwili wake haukupatikana.

Kwa miaka arobaini na tisa mzee huyo hakurudi. Mapema mwaka 1997 alimwambia dada, "Nataka kukizunguka kisiwa chetu, ghuba moja baada ya nyingine, mpaka niijue ile nilikomwacha." Kutoka baharini, alisema, ghuba zote zinafanana, na yeye hiyo yake aliiona siku moja tu, tena kwenye ukungu. Mwanawe wa pekee, Jakov, anayefanya kazi mjini Sterling, si mbali na hapa, hakuitaka safari hiyo hata kidogo. Dada aliomba likizo akaenda.

Walifika Lastovo tarehe 8 Juni 1997, na tarehe 10 wakatoka bandari ya Ubli kwa mashua ya binamu yake Bwana Frane, wao wawili tu. Dada alikuwa na daftari la shule, na kila walipotia nanga aliandika kwa Kiswahili. Ninalo hapa. "Zaklopatica. Kisiwa kidogo kimeziba mlango kama komeo. Upepo wa kaskazini hauingii. Chini ni matope, nanga inashika vizuri. Bwana Frane anasema si hapa." Ukurasa wa pili: "Visiwa vya mashariki. Mchanga mweupe, kina pima tatu. Upepo ukigeuka ondoka upesi. Si hapa." Halafu Skrivena Luka, maana yake bandari iliyojificha, ambayo dada aliisifu kurasa mbili nzima kwa jinsi ilivyozungukwa na nchi kavu hata mtu akasahau kuna bahari. Si hapo pia. Waliingia ghuba saba. Kila mara mzee alisimama akiwa ameshika mlingoti, akatazama mawe, akatikisa kichwa, na dada akang'oa nanga.

Ghuba ya nane ilikuwa upande wa kusini, nyembamba, kuta za mwamba pande mbili. Waliingia humo tarehe 15 Juni kwa kukimbia bura, na ndani maji yalikuwa yametulia kabisa ingawa nje bahari ilikuwa nyeupe. Kulikuwa na ngazi za mawe. Bwana Frane hakutikisa kichwa. Daftarini dada aliandika maneno mawili tu: "Ni hapa."

Walikaa siku mbili wakingoja upepo upungue. Siku ya pili, mchana wa saa saba, jua likiwa kali, dada alikuwa akianika shuka aliposikia mwanamke akiita kutoka kule penye ngazi. Aliita Frane. Si kwa sauti ya hofu, aliniambia, bali kama mtu anavyomwita mwenzake kuja kula. Aligeuka. Palikuwa na mawe na majani makavu. Ikaita tena.

Bwana Frane alikuwa ameketi nyuma ya mashua, amefumba macho. Akauliza, "Na wewe umesikia?"

Dada aliona mikono ya mzee ilivyokuwa, akafikiria moyo wake na dawa zake. Akajibu, "Hapana, Bwana Frane. Ni mbuzi."

"Basi ni mimi peke yangu," akasema mzee.

Asubuhi ya tarehe 17 aliomba ashushwe nchi kavu. Dada alimpeleka kwa kiboti cha mpira, akamkalisha kwenye ngazi na kofia na chupa ya maji. Walikuwa hawajakaa nusu saa upepo ulipogeuka. Ulianza kutoka kusini, na ghuba ile ya kusini haina kinga, kwa hiyo mawimbi yakaanza kuingia moja kwa moja. Dada aliona mashua inarudi nyuma taratibu kuelekea mwambani. Nanga ilikuwa haishiki tena. Alimtaka mzee waondoke wote, naye akakataa kusimama. Hapakuwa na muda wa kubishana. Akamwambia, "Nisubiri hapa, narudi sasa hivi."

Aliniambia kwamba mzee alimtazama sana aliposikia hivyo.

Alifika kwenye mashua, akaongeza mnyororo, haukusaidia. Akawasha injini, akang'oa nanga na kutoka nje kabla mwamba haujamfikia. Akijaribu kurudi, wimbi lilimsukuma ubavu. Alijaribu mara tatu. Mwishowe alikimbilia Skrivena Luka, akatia nanga peke yake, akamwomba mvuvi mmoja amwonyeshe njia ya nchi kavu, wakapanda na kushuka mawe kwa miguu. Ilimchukua saa tano tangu alipomwacha. Walimkuta Bwana Frane ameketi pale pale, uso baharini, amekwisha kufa. Daktari wa kisiwani alisema moyo ulisimama. Dada aliniambia jambo moja ambalo hakumwambia daktari. Yeye alimkalisha mzee katikati ya ngazi. Walipomkuta alikuwa amesogea mpaka ukingoni, kama mtu aliyempisha mwenzake nafasi.

Alizikwa kwao, na dada akarudi Alexandria peke yake.

Jakov alimpigia simu akamuuliza swali moja, kwa nini ulimwacha, na kabla hajajibiwa akakata. Alipeleka malalamiko kwenye ofisi iliyomwajiri dada, naye akasimamishwa kazi kwa miezi minane wakati wakichunguza. Mwishowe walisema hakuwa na kosa. Kipindi hicho alifanya kazi ya kufua mashuka hotelini, na hakulalamika. Lakini sisi tuliokuwa karibu naye tuliona. Alikuwa anaosha vyombo, kisha anafunga bomba na kusimama, kichwa kimeinama upande. Audrey alimuuliza kwa Kiingereza chake anasikiliza nini, naye akasema anasikiliza kama jirani ameita. Siku moja mchana nikimpeleka sokoni aliniomba nisimamishe gari kando ya mto. Akashusha kioo. Baada ya muda akaniambia, "Anamwita bado. Na mimi ndiye niliyesema hakuna mtu." Hakusumbuliwa sana na zile saa tano. Alisema upepo ni upepo. Kilichomla ni ule uongo mmoja, kwamba alimwacha mzee aamini yuko peke yake.

Machi 1998 madaktari waligundua saratani ya kongosho. Alipoelezwa aliuliza miezi mingapi, akaambiwa sita au saba, akashukuru kwa kuambiwa. Agosti, akiwa kitandani kwake, aliniomba nimtafute Jakov. Sikutaka, nikamwambia mtu huyo amekuumiza vya kutosha. Akasema, "Kipkemboi, nina neno la baba yake. Si langu kuzikwa nalo."

Jakov alikuja Jumamosi tarehe 22 Agosti. Alisimama mlangoni muda mrefu, na mke wangu Makena ndiye aliyemvutia kiti. Dada alimweleza yote, sauti, swali, jibu lake. Jakov alisikiliza akitazama sakafu. Kisha akasema, "Tangu nikiwa mtoto nilimsikia baba akiitika usingizini. Mama aliniambia nisimwamshe." Hakusema amesamehe. Aliuliza tu ghuba iko wapi. Dada aliomba kalamu, akamchorea: Skrivena Luka, mnara wa taa, mwamba wenye ufa, kina cha maji, na chini akaandika upepo upi wa kuogopa. Ilimchukua karibu saa nzima na mapumziko. Baada ya hapo hakuandika tena kitu.

Alifariki nyumbani kwake Jumanne tarehe 6 Oktoba 1998, saa nne na dakika ishirini asubuhi, baada ya kupewa sakramenti. Audrey alikuwa amemshika mkono wa kulia, mimi wa kushoto. Aliomba azikwe hapa, karibu na mtoto wake, na wazee wa Kaptumo wameridhia, ingawa haikuwa rahisi.

Marehemu ameacha binti yake Audrey Kuria, aliye mwaka wa mwisho wa sekondari; ndugu zake, Mama Chepkorir na Kiprono walioko Kaptumo, na mimi Kipkemboi pamoja na mke wangu Makena, wa Springfield; wapwa kumi na mmoja; na wazee wengi wa mji huu ambao aliwafungia vifungo vya shati. Familia inawashukuru wauguzi waliomtunza, jumuiya ya Wakenya, na majirani wa ghorofa ya nne.

Lipo jambo moja lililochelewa. Juzi Alhamisi simu ililia kwangu. Alikuwa Jakov, anapiga kutoka posta ya Ubli, na hakuwa na habari ya msiba. Alisema ameufuata mchoro mpaka mwisho na nanga imeshika. "Mwambie Honorata nimekaa pale kutwa nzima. Nilimwita shangazi, nikamwita na baba. Hakuna aliyeitika, hakuna aliyeita. Ni mbuzi wawili na maji." Nilimwambia dada ametutoka. Nikasikia watu wa posta wakizungumza lugha yao nyuma yake. Halafu akasema, "Mwambie hivyo hivyo."

Ndiyo maana nimeyasoma maneno yake hapa, mbele ya jeneza, kwa sauti. Dada, umesikia. Pumzika sasa kwa amani.