Alama Tano Juu ya Kiwiko

Mheshimiwa Meya, Ndugu Mwenyekiti wa Chama cha Wachoraji wa Lyon, mabwana na mabibi wageni waalikwa, na wewe Bwana Odilon Brissard, tunayekuaga leo baada ya miaka thelathini ya kuzichora nyuso zetu:

Nimeombwa niisifu hariri anayoichora kwenye nguo za watu katika picha zake. Ni kweli, hata wafumaji wa mji huu walikuwa wakiisogelea picha yake waiguse. Lakini mimi ni jaji mstaafu, na leo nimekuja kutoa ushahidi.

Miaka tisa iliyopita, Baroni de Kerlevan, aliyekuwa mkwe wangu, alimwagiza Bwana Brissard amchore mkewe, yaani binti yangu Clotilde. Yupo pale mstari wa pili, na ameniruhusu kusema. Siku ya nne mchoraji akaniita. Nikaenda nikitabasamu, nikidhani naitwa kusifu. Akaifunua picha. Clotilde alikuwa amechorwa bila glavu, na juu ya kiwiko palikuwa na alama nne za rangi ya zambarau, na ya tano upande wa pili, pale kidole gumba kinapokaa.

"Bwana Brissard," nikamwambia, "rangi imekudondokea hapa."

"Haijadondoka, Mheshimiwa. Baroni ameniambia nipafunike kwa glavu ndefu. Nimeona ni vyema, kabla sijapafunika, baba mtu apaangalie."

Ndugu zangu, niliinama nikazihesabu alama zile mara mbili. Mimi niliyewahoji wauaji! Kila Jumapili nilikula mezani kwao, nikapakuliwa supu na binti yangu kwa mkono uleule. Nilikuwa nikitazama nini?

Jioni ile nilimtoa Clotilde katika nyumba ile, na mahakama ikaivunja ndoa. Baroni akapita katika kumbi zenu akisema, "Mchoraji anayepekua nyumba za watu? Tutaona nani atamwita tena." Na kweli, kwa miaka miwili hakuitwa. Mkono uliochora maaskofu ukawa unachora mabango ya sabuni. Wako humu waliomfungia mlango, siwataji, wanajijua. Siku moja nilikwenda kumwomba radhi, nikamkuta anapaka povu la sabuni. Akaniambia, "Povu ni gumu, Mheshimiwa, lakini halina mume." Akaendelea na kazi.

Mtaniuliza, mzee huyu mbona bado anayasema haya, na mambo yalikwisha? Nayasema kwa sababu ya neno moja. Tulipokuwa garini, nikimtoa kule, nilimuuliza binti yangu, "Mwanangu, kwa nini hukuniambia?"

Akanitazama kwa mshangao. Akasema, "Baba, mimi nilidhani unajua."

Bwana Brissard, wengine wanakushukuru kwa kuwapendezesha. Mimi nakushukuru kwa sababu ulikuwa mgeni kwetu, na ukamwangalia mtoto wangu vizuri kuliko nilivyomwangalia mimi. Nenda kapumzike.

Nanyi nyote, asanteni kwa kunipa masikio yenu.