Mzee Murjan na Mlio wa Lori la Timothy

Ijumaa hii, tarehe 28 Novemba 2025, Mzee Abdulhamid Murjan anastaafu baada ya kuitumikia gereji ya ushirika wetu wa malori hapa Gatina kwa miaka thelathini na minne. Aliajiriwa mwaka 1991 akiwa na miaka ishirini na sita. Kila asubuhi alitoka kwao Kambi Muru, Kibera, kwa miguu, na kabla ya saa moja alikuwa tayari amevaa ovaroli.

Wote waliofanya kazi naye wanajua sheria yake ya kwanza: injini ikiwashwa, redio inazimwa. Aliegemeza ncha ya bisibisi ndefu kwenye injini, akaweka mpini sikioni na kufumba macho kama mtu anayesali. Mchungaji mmoja aliwahi kumpigia simu akiwa amekwama njiani. Mzee akamwambia asogeze simu karibu na boneti, akasikiliza kidogo, akasema, "Ni mkanda, Mchungaji. Na aliyeukaza ni wewe mwenyewe." Mchungaji alikiri.

Kamati imeniomba mimi, Sella Nasike, karani wa stoo, niandike wasifu huu. Iliniomba kwa kusitasita, na kwa wasiojua sababu nitaieleza. Marehemu mume wangu, Timothy Shiundu, alikuwa dereva hapa. Lori lililomuua lilikuwa limetoka mikononi mwa Mzee Murjan.

Ilikuwa Machi 2014. Timothy alirudi safari akamwambia, "Mzee, hii gari inalia kama mbu. Nikikanyaga mafuta inalia zaidi."

Mzee aliutafuta mlio ule siku mbili. Siku ya kwanza alibadilisha mkanda, mlio ukabaki. Siku ya pili aligundua kwamba usukani ukizungushwa mlio unapanda, basi akashuku pampu ya usukani. Pampu mpya nilimtolea mimi mwenyewe kutoka stoo. Alipoifunga, mlio ulipungua mpaka sisi wengine hatukuusikia tena. Yeye bado alisikia kitu chembamba kwa mbali. Alitaka kesho yake afungue mikanda yote, awashe injini na kutenga kifaa kimoja kimoja.

Meneja wa wakati huo, ambaye hafanyi kazi hapa tena, alikuwa na saruji na mabati ya kupeleka Narok. "Usukani si uko sawa? Weka sahihi gari itoke, Murjan." Mzee aliweka sahihi.

Siku hiyo hiyo mchana, kwenye mteremko wa kwenda Mai Mahiu, lori lilipita kona moja, halikuweza kupita ya pili. Timothy alikuwa na miaka thelathini na sita.

Meneja aliandika kwamba dereva alisinzia. Mzee Murjan hakuamini. Aliomba ruhusa akaenda kwenye uwanja wa polisi, akajipenyeza katika yale mabati yaliyokunjamana, akaishika puli ya alternata, mashine inayoipa gari umeme. Haikuzunguka hata kidogo. Beringi yake ilikuwa imesagika na kukwama, na mkanda ulikuwa umeungua. Katika lori lile, pampu inayozipa breki nguvu imefungwa nyuma ya alternata. Alternata ikikwama, breki zinashika mara moja au mbili, kisha pedali inakuwa ngumu kama jiwe.

Kabla ya kumwambia mtu mwingine yeyote, alikuja nyumbani kwangu, mtaa wa Kongo karibu na hapa, matanga yakiendelea. Alisimama mlangoni, kofia mkononi.

"Mama Walubengo, Timothy hakulala. Breki zilimwacha. Mlio niliusikia, na gari nikaitoa."

Nilimwambia atoke nyumbani kwangu. Alitoka.

Kisha akaenda kuyasema maneno yale yale mbele ya wachunguzi, meneja akiwa ameketi pale pale. Dereva aliyekuwa nyuma ya lori naye akaeleza kwamba taa za breki ziliwaka mteremko mzima. Jina la Timothy likasafishwa. Mzee Murjan, aliyekuwa fundi mkuu, akapelekwa kuziba pancha. Alikaa huko miaka miwili bila kulalamika.

Miaka hiyo miwili sikumsalimia. Alikuja dirishani kwangu kuchukua gundi na viraka, nikavisukuma mbele yake. Nilijua amesema kweli. Nilijua pia amenifanya mjane. Yote mawili yaliingia nami kazini kila siku.

Mwaka 2016 lori jingine lilianza kulia. Mafundi walilipitisha. Mzee aliacha tairi alilokuwa akiziba, akaja akasimama mbele ya lori. "Hii haiendi." Meneja alimfokea mbele ya watu wote. Dereva, Gathogo, akaja dirishani kuchukua ufunguo.

Niliutia ufunguo kwenye droo, nikaifunga. "Hautoki mpaka Mzee aseme," nikamwambia meneja. Alitishia kunifukuza. Sikufungua.

Mzee alifungua mikanda mmoja baada ya mwingine. Baada ya muda wa saa nne alikuja dirishani na beringi nyeusi iliyosagika kiganjani, nami nikamwambia, "Habari ya kazi, Mzee." Aliitikia kwa kichwa tu.

Tangu hapo hakuna gari linalotoka hapa bila kauli ya fundi, na meneja haruhusiwi kuipinga. Kanuni hiyo aliiandika Mzee mwenyewe aliporudishwa kwenye ufundi mkuu.

Nilipomsomea rasimu hii, aliniomba niondoe sifa zote na nisiguse sehemu ya Timothy. Sifa nimeondoa chache tu. Aliniambia pia kwamba bado huusikia ule mlio akiwa amelala. Nilimmiminia chai, tukanywa.

Mzee Murjan, ungeweza kunyamaza, na mwanangu angekua akiambiwa baba yake alilala kwenye usukani. Asante kwa kuja mlangoni kwangu siku ile, na asante kwa kutoka nilipokufukuza. Sisi wote wa gereji tunakuombea afya, utulivu na usingizi mzuri, wewe na mkeo Hayat na wajukuu. Walubengo anauliza kama Jumapili utakuja kula nasi. Nimemwambia utakuja.