Mzee Ambakisye Mwaisumo na Ndege Isiyoruka

Mchungaji, wafiwa wenzangu, nanyi majirani mliofika na theluji yote hii, poleni sana. Mimi ni Erick, mtoto wa mdogo wake marehemu, na usomaji huu nimeachiwa na yeye mwenyewe.

Baba Mkubwa wetu, Ambakisye Mwaisumo, alizaliwa Tukuyu tarehe 9 Machi 1934, akasoma shule ya misheni kulekule, kisha Tabora, na mwaka 1955 akapata ufadhili wa kanisa kuja Minnesota, alikohitimu uhandisi mwaka 1959.

Mwaka huohuo aliajiriwa kwenye karakana moja iliyofanya majaribio ya ndege ya nguvu za nyuklia, ndege iliyotarajiwa kukaa angani siku nyingi bila kujaza mafuta, na kazi yake ilikuwa kupima kinga ya kuwakinga marubani na mionzi. Kinga ikiwa nene ndege haiinuki, ikiwa nyembamba rubani anakufa, na yeye, kijana mgeni kabisa, aliwaambia wakubwa wake wazi kwamba hatakubali ipunguzwe hata kidogo. Mwaka 1961 mradi ulifutwa, kazi ikaisha, akapanda basi kuja Minneapolis kutafuta ualimu, na humo akaketi karibu na Dafrosa, mwanafunzi wa uuguzi kutoka Bukoba. Walifunga ndoa tarehe 14 Julai 1962, wakajaliwa binti mmoja, Wema, naye marehemu akafundisha fizikia Columbia Heights hadi alipostaafu mwaka 1999.

Sasa jamani, tuambiane ukweli, sisi Watanzania wa hapa kila harusi na kila kipaimara tulimtambulisha kuwa ndiye aliyerusha ndege ya nyuklia, naye kila mara alisimama kusahihisha, sisi tukampigia vigelegele tukidhani ni unyenyekevu.

Septemba alipolazwa kwa ugonjwa wa moyo aliagiza nimsomee historia hii angali hai, nami nilipofika hapo nilipoandika kwamba alirusha ndege akanivua miwani, akasema: "Futa. Haikuruka, na namshukuru Mungu. Ingeruka ingeua vijana wa watu, na mimi nisingepanda basi la Dafrosa." Nikamwahidi kufuta, na kuwaambia ukweli.

Alifariki tarehe 20 Novemba 2014, Mama Mkubwa akiwa amemshika mkono. Tunawashukuru madaktari na wauguzi, walimu wenzake, na majirani waliotuondolea theluji mlangoni kabla hatujaomba.

Ndugu zangu, leo msipige vigelegele, sikilizeni tu: ndege haikuruka. Baba Mkubwa, wamesikia wote, pumzika kwa amani.