Siku Nilimpiga wa Rika Yangu kwa Hendeli

Nawasalimu wote wa kanisa hili, na zaidi wale wa viti vya nyuma, kwa maana mimi pia huketi huko nikiogopa kuitwa mbele. Leo nimeitwa. Jina la mtu sitataja. Anayejua, anajua. Asiyejua, asikie tu ile dhambi.

Ndugu zangu, nawaambia, nilikuwa mtu wa ngumi. Nilikuwa fundi wa matrekta katika shamba la mkonge, hapo kati ya Ruiru na Thika, mwaka wa hamsini na saba, Hali ya Hatari ya serikali ya kikoloni ikiwa bado. Trekta ikikataa kuwaka, naipiga teke. Mtu akinijibu vibaya, yeye pia.

Nilikuwa na rafiki, dereva wa lori la shamba hilo. Tulitahiriwa asubuhi moja, mto mmoja. Mnajua kwetu: mtu wa rika yako humwagi damu yake, hata akikutukania mama.

Jumapili mchana bwana mkubwa wa shamba alikuwa anaruhusu magari yashindane kwenye ile njia ya udongo inayozunguka mkonge. Wanakuja Wahindi mafundi kutoka mjini Thika, vijana wa kizungu wawili watatu, na sisi tunasimama kando tukila vumbi. Siku moja rafiki yangu akaniambia, "Wakini," ndivyo tunavyoitana watu wa rika, "hata sisi tunaweza."

"Na gari ya nani?"

"Yetu."

Mnacheka, lakini ilikuwa. Nyuma ya karakana kulikuwa na gari kuukuu, kuku wanataga ndani. Bwana mkubwa alitupatia bure, mradi tumuondolee ule uchafu. Tukang'oa milango, vioo, kila kitu kizito. Kiti tukafanya gunia la kahawa limejazwa majani makavu. Boneti tukakata bati, tukaifunga kwa kamba ya mkonge, kwa sababu hiyo ndiyo haikosi kwetu. Kitu kipya tulinunua ni breki tu, na ni yeye alisisitiza. Mimi nilitaka mwendo, yeye alitaka turudi nyumbani. Nyinyi vijana mnaotaka mchezo huu na mfuko ni mtupu, msikilizeni huyo, msinisikilize mimi. Wazungu walipoona gari yetu walicheka mpaka wakashika magoti, wakasema sawa, tuanze nyuma ya wote.

Asubuhi ya mashindano yeye alifunga boneti, akavuta fundo mpaka viganja vikawa vyekundu, akaenda ibada. Mimi sikwenda. Nikaona gari ina matope na watu watakuja. Nikafungua kamba, nikaosha kila kitu, nikafunga tena kamba ikiwa imelowa chapachapa. Ilikaza vizuri sana. Nikafurahi.

Saa nane jua lilikuwa linachoma. Nikashika usukani mimi, bendera ikaanguka. Mzunguko wa kwanza gari ya Mhindi mmoja ilinigonga ubavuni, nikamgonga pia, chuma kwa chuma, mpaka tairi yake ikapasuka. Mawe yalikuwa yananipiga usoni. Nilikuwa na damu kwenye meno na nilikuwa nacheka. Mzunguko wa pili, kwenye mteremko wa kwenda mtoni, bati likachomoka likanijia usoni kama panga. Likanipasua kutoka hapa kwa paji mpaka sikio. Kovu mnaiona. Sikuona njia tena. Niliingia kwenye mkonge, miiba ikanichoma kila mahali, gari ikapinduka ikanitupa nje.

Rafiki yangu alifika wa kwanza. Akapiga magoti, akasema, "Wakini, uko mzima?"

Na mimi, ndugu zangu, kichwani nilikuwa na kitu kimoja tu: huyu ndiye alifunga boneti. Hendeli ya kuwashia injini ilikuwa imeanguka kando yangu. Nikaishika nikampiga nayo mdomoni. Akaanguka. Nikampiga bega, nikasikia mfupa. Nikampiga tena. Alikuwa ameinua mkono ananiuliza, "Kwani nimefanya nini?" Na mimi napiga tu, mpaka watu wanne wa kwetu wakanitoa juu yake.

Taya yake ilivunjika mara mbili. Askari walimfuata hospitali kumuuliza nani alimpiga. Wakati ule, mtu wetu akishikwa na chuma chenye damu haulizwi mara mbili, anaenda kizuizini. Hakuweza kuongea, wakampa penseli. Akaandika, "Gari ilinigonga." Mnafikiri nilitubu? Hapana. Nilisema ananiogopa.

Wiki iliyofuata mama yake alisimama mlangoni kwangu. Kazi yake ilikuwa kusokota kamba hapo shambani. Nilijua amekuja kunilaani. Akaniuliza polepole, "Ile kamba mlifunga ikiwa kavu?"

"Niliosha gari, maitu, mama yangu, kwa hivyo..."

"Kamba ya mkonge ikilowa inajikaza. Ikikauka inalegea. Mtoto wangu anajua hiyo tangu nikimbeba mgongoni. Yeye alifunga kavu. Nani alifungua?"

Nilipiga magoti. Nilishika sketi yake nikilia kama mtoto. Akanitoa mikono. "Sikuja kukusamehe," akasema. "Nimekuja ujue." Akaenda.

Nilijipeleka mwenyewe kwa watu wa rika, nikasema yote. Wakanitoza mbuzi wawili na wakanitukana mpaka jioni, na nilistahili. Nyama yenyewe yeye hakuweza kutafuna. Kila siku baada ya kazi nilimpelekea supu hospitali. Siku za kwanza aligeukia ukuta. Wiki ya tatu akafungua mdomo, nikamlisha kwa kijiko. Gari tuliitengeneza tena, na safari hii aliendesha yeye. Alimaliza wa pili kutoka mwisho, na mimi nilipiga kelele mpaka sauti ikaisha.

Asanteni watu wa rika, hamkunitupa. Asanteni nyinyi wa kanisa hili mlioniombea nikiwa sistahili. Wazee husema hasira hasara, na hasara yangu ilibebwa na mdomo wa mtu mwingine. Kabla hujainua mkono kwa mwenzako, jiulize wewe ulifanya nini asubuhi.

Mama yake hajaniambia amenisamehe. Ni miaka mitatu sasa. Kila Jumamosi naenda kumpasulia kuni, ananiacha nipasue, haongei. Sidai neno. Lakini Jumamosi iliyopita nilipomaliza, aliingia nyumba akatoka na kiti, akakiweka karibu na chake.

Nilikaa.