Kobalti yangu na mbabula ya jirani

Bandugu ba shirika yetu ya maombi, asanti kwa kunipa nafasi. Maneno matamu sina leo. Bengi mwenye munaniangalia hapa ndio mulisemaka ninapika buloji na dawa ya uchawi ku nyumba. Muendelee tu kuniangalia.

Kazi yangu ni shimi, ile elimu ya kemia. Ninatafuta namna ya kutoa kura, ni kusema umeme, mu hidrojeni na hewa. Mu mashini ya ile kazi munaingia maji ya potasi na unga moja wa kuamusha kazi. Bantu ba ngambo banatia madini ya platine, bei yake inaua. Miye nikatia kobalti na nikeli, vitu binatoka mu udongo yetu hapa Katanga. Mukubwa wangu wa kazi akacheka mbele ya bantu: "Mama, heri uuzishe makala!" Akanipa nafasi ya mwisho: taa iwake na kura ya mashini yangu mbele ya bakubwa, ao kazi iishe.

Labo, maabara ya kazi, ilikuwa inakosa kura kila mara, nikafanyia ku nyumba, kule mtaa wa Annexe. Taa inawaka, halafu inazima. Ninabadilisha unga, inazima tena. Bandugu ba bwana yangu bakasema ile maji ya potasi ndio inafunga tumbo yangu nisizae. Na ninyi, ndugu zangu, nawaambia bila haya: mulikuja kuniombea nipate akili ya kuacha! Nikalala nikiangalia ukuta, nikichukia kila muntu.

Asubuhi moja nikafungua mashini, nikakuta kitu cheupe kimeziba matundu ya hewa. Nikakijua palepale: potasi ikikutana na gazi ya makala, inaganda. Nikatoa kichwa ku dirisha. Jirani anakaanga mikate ya kuuzisha, mbabula yake, jiko ya makala, iko palepale hewa ya mashini inapitia. Kobalti yangu haikuwa na kosa hata kidogo! Nililia kwa hasira.

Nikapitisha hewa mu chokaa, ikamate ile gazi. Jirani naye, nilipomuelezea, akahamisha mbabula nyuma ya nyumba, fasi bakiriya ba kununua mikate habamuoni. Hakunung'unika. Siku ya bakubwa ilipofika, taa ikawaka mpaka benyewe bakachoka kuiangalia. Kazi ninayo.

Ule jirani anaikala hapa, anainamisha kichwa. Mama, Mungu akulipe, miye sitaweza.

Muntu akianguka, muangalie kwanza nini inamuzunguka, mbele ya kusema hana nguvu. Ninyi bengine, bado sijabasamehe. Munapenda sana kuniombea: basi, muniombee ile roho ya kusamehe.